Kichwa Kisichoguswa na Dawa

"Kichwa changu mimi hii mashine inakiogopa," alisema Kalunde, amelala chali, mikono kifuani kama maiti anayesubiri kuswaliwa. "Mwezi wa pili ilikichungulia mara moja tu, ikazima yenyewe." Akafikiri kidogo. "Ingawa siku ile umeme ulikatika mpaka Urambo."

"Usitikisike, mama," alisema Daktari Elinami. "Ukitikisika ubongo unatoka na mkia."

"Mkia ninao, mwanangu. Ila nimeukalia."

Mashine ile ilikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo hata madaktari walilitamka nusu, nusu nyingine wakakohoa. Watu wa Tabora waliiita kawa. Ilishuka kutoka darini, pana chini, nyembamba juu, ikamfunika mtu kichwa kama chakula kinachofichwa nzi. Ulikaa chini yake dakika kumi na moja. Ukitoka, ubongo wako unaning'inia hewani katikati ya chumba, mkubwa kama furushi la pamba, unang'aa rangi rangi, na daktari anaingiza mkono ndani na kupekua kama mtu anayetafuta soksi kabatini.

Kalunde hakuwa mgonjwa. Alifunikwa kila mwezi kwa sababu alitoka tumbo moja na Mrisho, mdogo wake, na utaratibu wa utafiti ndio huo: ubongo wa mgonjwa unatundikwa huku, wa ndugu yake mzima kule, kisha wanatafuta kinachotofautiana. "Yeye ndiye kitambaa, mimi ndiye rula," aliwaambia majirani, na majirani waliitikia kwa heshima, maana hawakuelewa.

Mrisho alikuwa kwenye benchi, ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili. Hamsini na nane, mwembamba, viganja vina makovu ya nyuki. Miaka thelathini aliishi peke yake katika pori la Sikonge na mizinga yake na sauti zake, hajameza kidonge hata kimoja. Watu wa namna hiyo walikuwa wamekwisha duniani. Siku hizo mtoto akianza kusikia asiyeonekana asubuhi, jioni ameshapewa dawa, shuleni hapohapo, na daftari lake la hesabu liko wazi mbele yake. Ubongo wenye skizofrenia ya miaka thelathini usioguswa na dawa, nchi nzima ilikuwa nazo saba tu. Huu wa Mrisho ndio uliokuwa mkongwe kuliko zote.

"Swali letu la kila mwezi, mama," alisema Elinami, akamsogezea kioo cha kusainia. "Tangu mara ya mwisho, ndugu yako amepewa dawa yoyote ya akili, kwa kujua au kwa kutojua kwake?"

"Hajapewa," alisema Kalunde, akabonyeza dole gumba.

Bangili ya plastiki mkononi mwa Mrisho, iliyomnusa jasho usiku na mchana, haikulia. Ilifundishwa kunusa dawa mia mbili na kumi na nne, zote zilizokuwa kwenye orodha ya serikali. Zilizofutwa kwenye orodha haikufundishwa. Nani angehangaika kumfundisha mbwa harufu ya mwizi aliyekwisha kufa?

Elinami akazitundika bongo mbili hewani, wa Kalunde kulia, wa Mrisho kushoto.

"Mwaka jana mnakumbuka," alisema, akachora duara kwa kidole ndani ya ule wa kushoto. "Hapa katikati palikuwa pekundu kama pilipili. Dopamini ilikuwa inamwagika kupita kiasi. Tuseme kuna karani ana muhuri wa DHARURA. Kazi yake, barua ikiwa nzito, agonge. Huyu karani wa mzee Mrisho alikuwa anagonga kila kitu. Mlango umelia, dharura. Jirani amekohoa, dharura. Tangazo la mbuzi aliyepotea, dharura."

"Na mbuzi mwenyewe alikuwa anajua jina langu," alisema Mrisho taratibu.

Wakacheka wote watatu. Mwaka jana lisingechekwa.

"Sasa tazameni leo." Elinami alizungusha mkono na ule ubongo ukageuka kama kuku anayechomwa. Pale palipokuwa pekundu palikuwa kijani, karibu sawa na kwa Kalunde. "Karani ametulia. Gamba la nje hapa mbele, lililokuwa jembamba kuliko la dada yake, halijaendelea kusinyaa. Njia nyeupe zinazobeba habari kutoka huku kwenda huku, zimeshika." Akavua miwani, akaifuta ilhali haikuwa na vumbi. "Bila dawa. Sijawahi kuona."

Mrisho alisimama. Akaingiza mkono wake ndani ya ubongo wake mwenyewe, pale penye kijani, akauacha humo, kama anayepima joto la maji.

"Na mama?" aliuliza.

Elinami alilijua swali. Kituo kilikuwa na picha ya ubongo wa mama yao, iliyopigwa siku aliyofariki, miaka kumi na minane iliyopita. Akaitundika katikati ya watoto wake. Kila ubongo una vyumba vya maji ndani, ila vya huyu mama vilikuwa vimetanuka, kuta zimekimbilia pembeni, kama nyumba iliyohamwa mpaka milango. Mama alimeza dawa miaka ishirini na mitano. Na toka siku ya mazishi Mrisho alikuwa na swali moja: kilichomla mama ni ugonjwa, au ni dawa? Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu kila kichwa kilichokuwa na ugonjwa kilikuwa na dawa, na wapishi wawili wakisimama kwenye chungu kimoja huwezi kujua chumvi imezidishwa na nani. Kwa hiyo aliposikia redioni kwamba kituo kinatafuta vichwa visivyoguswa, alitoka porini kwa miguu, chupa ya asali kwapani, akabisha hodi na kusema, "Kichwa ninacho."

"Nadhani tunakaribia kulijibu, mzee," alisema Elinami. "Na wewe ndiye uliyelijibu."

Mrisho akavaa kofia, akaivua tena.

Kalunde aliutazama ubongo wake mwenyewe ukizunguka pale kulia, kijani mwanana, hauna doa. Kumbe mashine yote ile, na ukubwa wake, na kuning'inia kwake, haikuwa na rangi ya matone manne kwenye uji.

"Jumamosi tunaanza kuwapunguzia dawa wagonjwa kumi na wawili wa wodi ya nje," Elinami alikuwa anaendelea. "Wameomba wenyewe. Dawa zinawanenepesha, zinawatetemesha mikono, zinawalaza mchana. Bodi ilikuwa inaogopa. Sasa tuna mtu wa kuwaonyesha."

"Mtu mmoja?" aliuliza Kalunde. "Mimi hata kitenge nafungua madoti matatu ndipo nachukua."

"Mmoja kati ya saba ni mwanzo, mama. Na tutawaangalia kwa karibu sana."

"Karibu kiasi gani?"

"Kila wiki."

"Wiki ni ndefu, daktari."

Elinami akatabasamu jinsi vijana wanavyowatabasamia bibi zao, akaizima picha ya mama.

*

Mwaka uliopita, katikati ya mvua, Mrisho aliyeyusha nta jikoni kwa dada yake.

Kalunde alikuwa uani anaanua nguo. Alisikia harufu nzuri, harufu ya mizinga, akafurahi, akajua mdogo wake ameanza kutengeneza mishumaa tena. Aliingia akamkuta amelaza kichwa ubavu mezani, mkononi ana kijiko cha chai, anamimina nta ya moto sikioni. Sikio la kwanza alikwisha kulijaza. Hakulia. Alikuwa anahesabu kwa sauti, moja hadi tisa, moja hadi tisa, maana sauti zilizokuwa zinamsema zilisubiri kumi ndipo ziingie.

Ilimchukua Kalunde saa tatu kuitoa kwa kibanio cha nywele na mafuta ya nazi. Ngozi ilitoka na nta. Ndipo Mrisho alipolia, na alilia akisema, "Dada, waambie watoke. Dada, nipe chochote. Nipe alichokuwa anapewa mama."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Siku alipoingia kwenye utafiti, akili yake imetulia kama maji ya mtungini, Mrisho aliwekwa mbele ya kioo kinachorekodi akasema maneno yake, na Kalunde akiwa shahidi. "Nitakuja kulia," alisema. "Nitaomba dawa. Msinipe. Atakayekuwa analia si mimi. Mimi ndiye huyu anayesema sasa." Kalunde akabonyeza dole gumba kwamba amesikia.

Basi alikaa sakafuni usiku ule, kichwa cha mdogo wake mapajani, akijaribu kuamini kwamba anayelia si Mrisho. Alijitahidi, Mungu anajua. Lakini aliyelia alikuwa na sauti ya Mrisho, na kovu la Mrisho kidevuni, na alimwita dada.

Asubuhi alipanda basi la Nzega. Huko alikuwepo Mama Sesilia, muuguzi mstaafu, aliyekuwa bado anawatengenezea wazee wachache dawa ya zamani ya matone, ile iliyofutwa kwenye orodha zilipokuja mpya.

"Haina harufu," alisema Mama Sesilia. "Uchungu unao kidogo. Zidisha sukari. Unamdanganya nani?"

"Wote."

"Pole. Utachoka."

Hakuchoka upesi. Uongo ulikuwa mtamu miezi ile. Wiki ya tatu Mrisho alilala mpaka jua likatoka. Mwezi wa pili aliomba wembe, akanyoa ndevu, akajitazama kiooni akasema, "Huyu mzee ametokea wapi?" Mwezi wa nne alianza kuimba nyimbo za kurina asali, nyimbo chafu kidogo, ambazo Kalunde alijifanya hazijui na huku anaitikia. Na kila siku ilipopita Mrisho alikuwa anarefuka. Alitembea kama mtu aliyepigana na simba peke yake akamshinda, na kila alipokumbuka alijipapasa mabega, kuhakikisha simba hayupo.

Ungemwambia nini mtu wa namna hiyo?

*

Nje ya lango la kituo, siku ile ya picha ya kijani, Sizya alikuwa anageuza vitumbua. Mrisho alikuwa ametangulia nyumbani. Kalunde alichelewa makusudi, akitembea kama anahesabu matofali ya njia.

Sizya alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, mnene, mikono inamtetemeka kwa dawa, na bado hakuwahi kumwaga tone la mafuta. Miaka sita nyuma, kabla ya dawa, walimkuta amelala relini karibu na stesheni, shingo juu ya chuma, mtoto wake mchanga amemlaza vizuri kwenye nyasi pembeni. Sauti zilimwambia treni ni kitanda chake cha harusi. Dereva aliyeiona kanga yake alifunga breki mpaka magurudumu yakatoa moto. Yule mtoto sasa alikuwa anasoma darasa la kwanza.

"Shikamoo, mama Kalunde."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanukia uturi? Unaolewa?"

"Bado. Lakini nitapungua kwanza, ndipo waje wajipange foleni." Sizya alicheka, kisha akachutama karibu, akashusha sauti. "Mama, mimi ni mmoja wa wale wa Jumamosi. Nimeweka dole gumba jana. Mwanangu ananiuliza kwa nini natetemeka kila siku kama mtu wa baridi. Nataka nimsuke nywele mistari iliyonyooka, mara moja tu." Akamtazama. "Ni kweli? Mzee Mrisho amepona hivihivi? Wewe unakaa naye. Wewe ndiye nitakayekuamini, hawa wa makoti meupe wana maneno."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Kalunde alizitazama zile nywele za mtoto ambaye hayupo pale, mistari yake imepinda.

Ulikuwa ndio wakati wenyewe. Neno moja. Hapana, mwanangu, si kweli. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini akaiona kofia ya Mrisho ikivaliwa na kuvuliwa, na mkono wake ndani ya ile kijani, na uso wake atakaposikia kwamba simba aliuawa na dada yake, kwa kuvizia, kwa kijiko. Kwamba swali la mama limeharibiwa, na kichwa kilichotunzwa miaka thelathini kimeingiwa na mpishi wa pili. Kisingeoshwa tena.

"Kweli," alisema.

Sizya alifumba macho, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akachagua kitumbua kilichoiva vizuri kuliko vyote, akamtia mkononi. "Hicho cha shukrani. Kula hapahapa, nikuone."

Kalunde alikila amesimama. Kilikuwa laini, cha iliki, kimoto, na kila alipomeza kilirudi.

*

Alifika nyumbani saa kumi alasiri, ameshaamua. Njia nzima alikuwa amejitukana mpaka matusi yakaisha, akaanza kuazima ya Kinyamwezi. Mrisho ataambiwa leo. Kesho, Ijumaa, daktari. Jumamosi Sizya atakuwa na dawa yake, na mikono inayotetemeka, na uhai. Mrisho atachukia. Atarudi porini labda. Afadhali dada achukiwe na mtu mzima kuliko apendwe juu ya maiti ya mtu mwingine. Alilipanga hivyo, kwa mstari, kama nguo kwenye kamba.

Akaingia jikoni apike uji kwanza, maana jambo kama lile haliambiwi mtu mwenye njaa. Ulezi, sukari nyingi, ndimu. Na mkono, ambao haukushirikishwa kwenye ule mpango, ukafika nyuma ya kopo la chumvi, ukatoa kichupa, ukahesabu moja, mbili, tatu, nne, kama ulivyozoea. Kalunde alilitazama tone la nne likizama. Akakoroga. Haidhuru, alijiambia, liwe la mwisho.

Mrisho alikuwa uani, amekaa kwenye gogo, anachonga mfuniko wa mzinga. Njiwa walikuwa wanalia juu ya bati.

"Kaa, dada. Nina habari."

"Na mimi ninayo."

"Yangu ni kubwa, itangulie." Akaweka patasi chini. "Daktari amenipigia simu. Jumamosi nitaongea na wale kumi na wawili. Mimi, kwa mdomo wangu. Nitawaambia, nilijitia nta masikioni, leo nasikia njiwa, na ni njiwa tu, hawasemi kitu cha maana." Akacheka kidogo. "Unajua jana nilifanya nini? Nilikaa hapa nusu saa, siwazi kitu. Kimya. Nilikuwa nadhani nyie wazima mnatutania mkisema mtu anaweza kukaa hivi hivi tu."

Kalunde alishika bakuli kwa mikono miwili. Maneno yote yaliyokuwa kwenye kamba yalikuwa yameanguka chini, yamelowa.

"Habari yako?" aliuliza Mrisho.

"Yangu ndogo. Uji umeiva."

Mrisho alilipokea bakuli, akalitazama. Hakulipuliza. Akachota kijiko kimoja, akakinyoosha kuelekea mdomoni kwa dada yake.

"Onja."

"Nionje uji wangu mwenyewe?"

"Kule porini mrina asali anayeuza huonja kwanza, mbele ya mnunuzi, ndipo mnunuzi ale. Ni desturi. Hata akiwa ndugu." Sauti yake ilikuwa ya upole, karibu ya kuomba. "Wewe ulikuwa unaninyang'anya kijiko, dada. Toka tuko wadogo. Mwaka huu huchovyi hata kidole. Na uji wangu una kauchungu ambako sukari inakafukuza haikapati. Nilijua ni mimi. Nilisema labda ndiyo inaanza tena, inaanzia ulimini. Nikanyamaza, nisikutie hofu. Onja tu. Uniambie ni mimi."

Njiwa waliendelea kulia. Kalunde aliutazama ule uji kwenye kijiko, umetulia, una rangi ya udongo. Hapo angesema. Mdomo ulifunguka kabisa ili useme.

"Nimefunga," alisema. "Leo Alhamisi, nimefunga suna."

Alisema vizuri, hakupepesa. Hata yeye kwa nukta moja alihisi njaa.

Mrisho hakukishusha kijiko. Alimtazama dada yake muda mrefu, na usoni mwake kitu kilichokuwa kimesimama wima kwa miezi mingi kikaanza kukaa chini, polepole, kama mzee anayetafuta kigoda kwa mkono.

"Idi ilikuwa Jumanne," alisema. "Nyama ya jirani iko kwenye sufuria mpaka sasa hivi. Siku tatu za baada ya Idi ya kuchinja hafungi mtu, dada. Haramu." Tone la uji likaanguka kwenye goti lake. "Hata mwendawazimu anajua."